Presha Isiyotaka Kushuka

Nyie mliopangiwa Rungwe mwaka huu, karibuni sana. Niliwaona juzi stendi ya Tukuyu mkiburuza mabegi ya magurudumu kwenye matope, mmevaa fulana, mmoja wenu akiuliza kama mvua hii huwa inakatika. Inakatika. Ulizeni tena mwezi wa tisa. Mimi nilishuka stendi hiyo hiyo nikitokea Singida, nina shati la mikono mifupi na cheti cha utabibu, na niliamini kwamba vyote viwili vingenitosha. Shati lilinishinda siku ile ile. Cheti kilijikongoja miaka kadhaa.

Bosi wenu ameniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu kliniki ya presha na kisukari, kwa kuwa niliikalia mpaka nikastaafu, na kwa kuwa mstaafu anadhaniwa hana kazi, anakaa tu Bulyaga kupunguza majani ya migomba na kusema zamani kulikuwa kuzuri. Hakukuwa kuzuri hata kidogo. Zamani presha ilikuwa ugonjwa wa wenye nacho, kwa maana kwamba wasio nacho walikuwa nayo bila kuambiwa.

Tuanze na masweta. Chuoni walinifundisha kupima presha kwenye mkono mtupu, na chuo chenyewe kilikuwa mahali pa joto. Hapa bibi anaingia na koti la marehemu mumewe, chini ya koti sweta, chini ya sweta kuna sweta jingine, halafu khanga imezungushwa juu ya vyote. Akianza kuvua, unaweza kunywa chai ukaosha na kikombe. Foleni nayo imefika getini. Basi mimi, mtaalamu, nikawa nafunga kitambaa cha mashine juu ya sweta. Nilipata namba za kila aina na nilizitibu zote kwa bidii. Kuna mzee wa Kiwira nilitibu sweta lake miezi mitatu, na sweta halikupata nafuu.

Aliyenifumania ni Sista Lugano, muuguzi aliyenitangulia pale kwa miaka michache tu, ila yeye alizaliwa huku huku na Kinyakyusa ndicho alichonyonya. Alisimama mlangoni, akanitazama nikipampu, akauliza, "Dokta, hilo sweta halijambo?"

Kisha akamvua mzee wa watu taratibu, akanionyesha kazi. Wagonjwa wavuliwe wakiwa kwenye benchi, kabla zamu yao haijafika. Wakae kwanza, maana mtu amepanda kutoka bondeni na ndoo ya maparachichi kichwani, ukimpima pale pale anapofika unakuwa umepima mlima. Kifaa cha kusikilizia kipashe moto kiganjani. Na usimuulize mgonjwa kama anameza dawa, kwa sababu jibu ni ndiyo, hata kwa yule ambaye hujampa dawa.

Alikuwa pia na swali lake moja ambalo sikulipenda. Kila mgonjwa alimuuliza, "Nyumbani unakula na nani?" Aliwauliza wote, mpaka waliokuja na majipu. Mimi nilidhani ni umbea. Nilimvumilia, kama sisi wenye vyeti tunavyowavumilia watu wanaojua kazi.

Miaka ikapita hivyo, halafu hivi karibuni ikaja neema. Wagonjwa wa muda mrefu wenye kadi ya bima ya umma walikuwa wakichangia hiki na kile. Kipimo hiki kimo, hiki hakimo. Kidonge cha asubuhi chukua hapa, cha jioni kanunue duka lile la mbele. Likabandikwa tangazo ukutani kwamba mwenye kadi anayeugua presha au kisukari sasa halipi chochote. Wakubwa walikuja kulizindua, maana karatasi haiwezi kufanya kazi kabla haijakatiwa utepe. Tukapiga makofi, tukapigwa picha, wagonjwa wakasubiri saa tatu za ziada, nazo bure.

Msinielewe vibaya. Tangazo lile lilikuwa jambo jema, na nilifurahi. Nilishawaona watu wakikata kidonge kwa wembe ili kiwafikishe mwisho wa mwezi, na nilishawaona wengine mwisho wa mwezi ukifika wao hawapo. Kejeli zangu ni za yale yaliyokuja na tangazo, yakiwa yamepanda gari moja nalo.

Chukulia mashine ya alama za vidole. Mwenye kadi lazima aweke kidole, mfumo umtambue, ndipo apate dawa yake ya bure. Sasa mtu aliyechuma chai miaka thelathini hana alama za vidole, zote ziliishia kwenye majani. Anaweka kidole, mashine inamkataa. Anakifuta kwenye khanga, inamkataa tena. Hapo inakuwa juu yake kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, huku amesimama pale yeye mwenyewe. Dawa yake ni beseni la maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo ya kupaka, halafu mwekee kidole cha pete, maana hicho hakichumi sana. Hilo hamtalikuta kwenye mwongozo, kwa hiyo liandikeni mahali.

Na tangazo hilo hilo ndilo lililonikutanisha na presha ya Bibi Tupokigwe.

Alikuwa mjane wa kijiji cha Lupepo, mrefu, mwenye adabu ya kunifanya nijione mkubwa kuliko nilivyo. Kadi aliipata kupitia mwanawe, mwalimu wa serikali, aliyemwandikisha kama mzazi anayemtegemea. Kabla ya tangazo, vidonge vyake vya presha vilikuwa katika vile vya duka la mbele. Alivinunua kwa fedha ya ndizi, aina moja, kimoja kila siku, na presha yake ilikuwa ya kuvumilika. Lilipokuja tangazo nikamwandikia vidonge vile vile, bure, vya mwezi mzima. Mwezi uliofuata presha ikapanda.

Someni tena hapo. Alipokuwa akilipa, presha ilitulia. Alipoacha kulipa, ikapanda. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikuwa na mwongozo, na mwongozo ulisema ongeza dozi.

"Bibi, dawa unameza?"

"Ena, dokta, namesa," akajibu, maana z ya wazee wa huku mara nyingine hutoka s.

"Kila siku?"

"Kila siku asubuhi. Maganda yake haya hapa."

Akafungua mfuko wa nailoni, akanionyesha maganda ya vidonge, yote matupu. Niliyahesabu, kwa sababu nilikuwa mjanja. Hesabu ilikuwa sahihi. Nikaongeza dozi. Mwezi mwingine presha iko juu, nikaongeza aina ya pili. Mwezi mwingine tena, maganda matupu, presha mia na themanini, nikaongeza ya tatu na zote nikazifikisha kileleni. Kila nilipoongeza, Bibi Tupokigwe alifurahi, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema "Ndaga fijo", yaani asante sana. Sikuwahi kuona mgonjwa anayefurahia kuzidiwa namna ile. Nikaona ni imani yake kwangu.

Niliipa presha yake jina la kitaalamu, presha sugu, nikawaita wanafunzi waje kuiona. Sista Lugano, ambaye alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, aliniuliza kwa upole, "Umemuuliza anakula na nani?"

"Sista, hii ni presha," nikamjibu, "si ubwabwa."

Wanafunzi walicheka. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo.

Masika yakaanza, na Bibi Tupokigwe akateleza kwenye mteremko wa shamba lake akiwa na mkungu wa ndizi. Mguu ukavunjika chini ya goti, akalazwa. Sasa mnajua utaratibu wa wodini. Mgonjwa haachiwi vidonge vyake. Muuguzi anakuja na sinia, anasimama, anakuangalia mpaka umeze, ndipo anaondoka. Utaratibu mzuri kabisa. Karatasi ya dawa ilikuwa na mwandiko wangu wa kujiamini, aina tatu, zote dozi ya juu. Siku ya kwanza akameza zote. Siku ya pili akameza zote. Siku ya tatu asubuhi nikaitwa mbio.

Nilimkuta amelegea, ngozi imelowa jasho baridi, akiitwa haitiki. Nikapima nikapata sabini kwa arobaini. Nikapima tena, nikidhani mashine ni mbovu, maana kwa mtaalamu anayekosea huwa ni mashine. Sabini kwa arobaini. Tukasimamisha dawa zote, tukainua upande wa miguu wa kitanda, tukafungulia dripu, nikasimama pale nimeshika kiganja chake nikitafuta mapigo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Mwandiko ulikuwa wangu, na mwanamke yule alikuwa anakufa kwa sababu ya kunitii.

Kufikia mchana alifungua macho, akaomba uji. Sista Lugano akavuta kigoda, akamnywesha kijiko kimoja kimoja, huku akimuuliza kwa Kinyakyusa lile swali lake. Wakaongea kidogo. Kisha Sista akanigeukia.

"Anasema dawa hizi huwa wanameza wawili."

Marehemu mume wa Bibi Tupokigwe alikuwa na wake wawili. Mdogo aliitwa Subilaga, naye hakujaliwa mtoto. Mume alipofariki, wale wajane wawili waliunganisha majiko, wakawa wanalima pamoja na kupika chungu kimoja. Subilaga naye alikuwa na presha. Kadi hakuwa nayo, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumwandikisha. Bima ya kijiji ilikuwapo, nayo ilimfikisha mpaka zahanati, na zahanati ilikuwa na panadol.

"Lakini bibi, zamani mbona ulimeza mwenyewe?" nikamuuliza.

Akanishangaa, kama ninavyowashangaa nyie na fulana zenu.

"Zamani nilikuwa nanunua, dokta. Cha kununua ni cha mwenye kununua, na yeye alikuwa ananunua vyake akipata. Sasa hivi mnanipa bure. Cha kupewa unakulaje peke yako, na mwenzio anakutasama? Tunakaa mlangoni pa jiko asubuhi, leo anamesa yeye, kesho mimi. Siku ya kliniki huwa siku yake, maana mimi nakuja kwako." Akajivutia shuka kifuani. "Ulipoongesa tulifurahi sana. Tulisema, dokta ameelewa kwamba tuko wawili."

Wanangu, mimi nimetoka kwa watu ambao mbuzi akichinjwa ana mwenyewe. Huku nimekaa nusu ya umri wangu, nimekula kwenye misiba na harusi zao, nimewaona wakimsema mtu anayekula peke yake kama wanavyomsema mchawi, na haikunijia hata siku moja kwamba kidonge nacho kinaweza kuwa chakula. Tuliondoa gharama ili kila mgonjwa ameze dozi kamili. Kwa Bibi Tupokigwe, tulipoondoa gharama tulimwondolea na umiliki.

Hapa ningependa kuwaambia kwamba niliinamisha kichwa nikajifunza. Hapana. Nilikuwa nimeogopa, na mwenye madaraka akiogopa hufoka. Nilimfokea mwanamke mwenye dripu mkononi, wodi nzima ikisikia.

"Dawa ni ya mtu mmoja! Kadi ina jina moja na picha moja. Ukimgawia mtu tena, nitaandika kadi yako ifungwe!"

Uwezo wa kufunga kadi sikuwa nao. Hata uwezo wa kufungua dirisha la ofisi yangu sikuwa nao, lilihitaji kibali cha fundi. Lakini yeye angejuaje? Akasema, "Nimesikia, dokta."

Nilipogeuka nilimkuta Subilaga amesimama mlangoni na chungu cha ndizi kilichofungwa kwa kitambaa. Alikuwa akija kila mchana kwa miguu, au kwa kupanda pikipiki pale mvua ilipozidi, kumletea mwenzake chakula. Mwanamke mdogo wa umbo, midomo imebabuka kwa baridi, ameshika kile chungu asijue akiweke wapi. Alikuwa amesikia yote.

"Na wewe bibi," nikamwambia, "usiweke chumvi kwenye hizo ndizi. Njoo kliniki Jumanne na daftari lako."

"Nitakuja, dokta."

"Una kadi?"

"Sina."

"Basi njoo, tutaona."

Mashine ya presha ilikuwa pale kitandani, bado imefungwa kwenye mkono wa mwenzake. Kuifungua na kumpima yeye kungechukua dakika mbili, pamoja na masweta. Sikumpima. Hakuwa kwenye orodha ya siku hiyo.

Jumamosi akaja mwalimu, yule mwana, amesafiri usiku kucha kutoka kituo chake cha kazi. Alimsalimia mama yake, akanifuata ofisini, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Dokta, mimi nina mama wawili. Huyu mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani. Nilipojaza fomu ya bima niliandika majina yote mawili, ikarudishwa. Nafasi ya mama ni moja."

"Fomu inasema mama mzazi, mwalimu. Mzazi ni mmoja." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeitunga fomu.

"Najua. Ila nimeambiwa nikipata barua ya daktari kwamba ni mgonjwa na ananitegemea, wanaweza kufikiria. Niandikie tu, dokta. Kukataa waachie wao."

Alikuwa ameomba vizuri, na hoja yake ilikuwa nzuri. Nikamwambia nitaandika. Nilikuwa na foleni, na daftari la robo mwaka lilikuwa halijajazwa, na kompyuta ya ofisi siku hiyo ilikuwa imelala kwa sababu ya mvua. Barua yenyewe ni ya mistari minne, na sikuiandika. Naijua kwa kichwa mpaka leo, na nikiwa nakata majani ya migomba huwa najikuta naitunga upya, kila mara inakuwa nzuri zaidi.

Bibi Tupokigwe aliruhusiwa na aina moja ya dawa, kidonge kimoja kwa siku, kwa sababu ndicho alichohitaji muda wote. Kitabibu nilikuwa sahihi mia kwa mia. Hata mwalimu wangu wa chuo angenipa alama zote. Jumanne ile Subilaga hakuja, wala Jumanne ya pili. Nilitambua kwamba hakuja, nikajiambia watu wa kijijini hawa hawajali afya zao, nikaendelea na foleni.

Baada ya miezi miwili, Bibi Tupokigwe akaja kliniki na magongo, ameshikwa mkono na jirani. Nilimkalisha, nikamsubiri atulie, nikampima kwenye mkono mtupu kama nilivyofundishwa na mtu aliyekuwa keshastaafu. Mia na thelathini kwa themanini. Nikapima mara ya pili kwa raha zangu. Nikawaita wanafunzi, wale wale waliocheka siku ile, nikawaambia njooni muone presha sugu ilivyoshuka. Walikuja na madaftari, mmoja akampongeza bibi kwa kupeana naye mkono.

"Safi kabisa, bibi. Umeona faida ya kufuata masharti?"

"Ndaga, dokta. Nimefuata. Namesa mwenyewe tu, kama ulivyosema."

"Na mwenzio hajambo? Mwambie bado namsubiri."

Aliniangalia, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Subilaga tulimzika wiki iliyopita," akasema. "Alianguka jikoni, mdomo ukaenda upande. Hakuongea tena. Alikaa siku nne." Akarekebisha gongo lililokuwa linateleza ukutani. "Siku sile mbili za mwisho kabla hajaanguka alisema kichwa kinamuuma sana. Nikashika vidonge mkononi, dokta. Nikakumbuka ulivyosema, nikavirudisha."

Wanafunzi walikuwa bado wameshika kalamu. Nilitafuta neno la kumwambia kwa Kiswahili, nikatafuta kwa Kinyakyusa, nikatafuta kwa Kinyaturu cha kwetu, ambacho pale hakuna anayekijua. Nikaishia kumpa pole, neno lile lile tunalompa mtu aliyejikwaa. Akaitikia "Ndaga", akauliza tarehe ya kurudi, nikamwandikia.

Daftari la kliniki lina safu ya matokeo. Unaandika moja kati ya mambo mawili, presha imedhibitiwa au haijadhibitiwa. Niliandika imedhibitiwa, na ilikuwa kweli. Kwenye ripoti ya robo ile kliniki yetu ilisifiwa. Jina la Subilaga halikuwamo popote, kwa sababu hakuwahi kuwa mgonjwa wetu.